Niliosha matumbawe ya memsahib, lebo zote zikatoka

Wakuu, hamjambo huko? Mimi ni nyanya wa Free Area, hapa Nakuru, nimepita miaka tisini. Binti yangu ndiye ana-type. Hii ilinipata mimi mwenyewe na sitaongeza chumvi.

Miaka ya hamsini, wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya mkoloni, nilifanya kazi ya nyumba kwa memsahib mmoja, shamba karibu na Nakuru. Alikuwa anasomea mawe ya bahari, haya mnaita matumbawe.

Alirudi kutoka Mombasa na makreti ya matumbawe, akayapanga kwa meza tatu kwa veranda. Meza moja ya penye mawimbi yanapiga. Ya maji yametulia. Ya kina kirefu. Kila moja na lebo ya karatasi.

Siku moja akaenda mjini. Vumbi ya Nakuru mnaijua. Nikaona nimsaidie, nikatia yote kwa karai ya maji.

Lebo zote zikatoka.

Wakuu, nikajua kazi imeisha! Siku hizo ukifutwa kazi unapandishwa lori, unarudishwa reserve, yale maeneo tuliyotengewa Waafrika. Na mimi nilikuwa na mtoto mgongoni.

Nikakaa chini nikayaangalia. Mengine mafupi, manene kama ngumi. Mengine yana vidole vyembamba. Mengine mapana kama sahani.

Nikafikiria miti. Ile ya huko juu kwa upepo hubaki mifupi, minene. Ya penye hakuna upepo hurefuka. Ya kivulini hutandaza matawi ikitafuta jua.

Nikapanga hivyo nikiomba Mungu.

Aliporudi nilimwambia ukweli wote. Akachukua moja, akaigeuza juu chini. Kumbe kila moja alikuwa ameikwaruza namba chini. Akatoa daftari, akaanza kulinganisha.

"Wanjiru, hii umeweka kwa kina kirefu. Mimi niliweka kwa mawimbi."

"Pole sana, memsahib."

"Hapana. Daftari inasema kina kirefu. Mimi ndiye nilikosea."

Hapo ndipo nilishtuka kabisa. Mzungu kuniambia amekosea! Miaka ile!

Akaniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia miti. Akacheka, akasema, "Na unajua haya si mawe? Yamejengwa na wanyama wadogo sana."

Wanyama! Na nimewasugua na brashi!

Wiki hiyo nilitoka jikoni, nikafanya kazi kwa zile meza mpaka aliporudi kwao. Bahari yenyewe sikuwa nimeiona hata siku moja.

Nilichojifunza: ukiharibu, sema mapema. Na usidharau kile macho yako yameona shambani.

Sasa nyinyi niambieni bila kunificha: mngebaki hapo, ama mngetoroka kabla arudi?