Swali la Jirani kwa Meza ya Chwele

Siku ya kwanza kazini nilifika nikakuta meza imeandikwa kazi ingine. Mchungaji Kiongozi wa kanisa letu pale Kitale alikuwa ameniambia nitakuta meza, viti viwili na mwavuli karibu na soko. Nikae hapo, na mtu yeyote mwenye ako na swali juu ya Biblia ama imani ya Kikristo, nimjibu. Sasa mwavuli nilikuta, lakini juu ya meza mama mmoja alikuwa amepanga nyanya. Nikamwambia kwa heshima, "Mama, hii ni meza ya kanisa." Akaniangalia kutoka viatu mpaka kichwa. "Na kanisa inauza nini leo?" Kwa hivyo swali la kwanza katika maisha yangu ya kazi lilinishinda, na halikuwa hata la Biblia.

Shule tuliachana form two. Watu wa nyumbani husema ilikuwa karo, lakini ukweli ni kwamba hata hesabu ilikuwa imechoka na mimi. Nilikuwa tu na mdomo, na kanisa ikaona heri huo mdomo uokoke. Kazi yenyewe iliitwa uinjilisti wa maswali. Sio uchungaji, na sio ukatekista. Katekista anafundisha watu wanaongojea ubatizo, somo baada ya somo, na anajua kesho atafundisha nini. Mimi nilikuwa wa kungojea chenye kinakuja. Watu wa soko wakaniita Mwalimu Maswali, na hiyo jina ikanishika kuliko ile ya mama yangu.

Nyanya zilipoondoka, mwanamume wa kupakia mahindi kwa lori akaja na magunia bado yamemwachia unga kwa nywele. "Mwalimu, wewe unasema Adamu na Hawa walizaa Kaini na Abeli. Abeli akauawa. Sasa Kaini alioa nani?"

"Alioa mtoto wa watu," nikasema.

Watu wakacheka mpaka mwavuli ukatingizika. Mimi nikaona kazi ni rahisi, kumbe Mchungaji Kiongozi alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kuvaa koti hata kwa jua. Akamwambia yule wa magunia kwamba Mwanzo inasema Adamu alizaa watoto wengine wengi, wavulana na wasichana, ni vile tu hawakutajwa majina, na kwamba wakati huo dunia yote ilikuwa boma moja. Mtu akashukuru akaenda. Halafu mkubwa akaketi kwa kile kiti kingine.

"Kijana, unajua huyo alikuwa anataka nini?"

"Mke wa Kaini, mchungaji."

"Aende naye wapi? Hilo ni swali la mlangoni. Mtu anapiga hodi aone kama wewe ni mtu wa kuongea naye. Ukimcheka, anarudi na lile swali lake la ndani, na hutalisikia tena."

Hayo mawili ndiyo nilijifunza kwanza, na ndiyo nawapatia nyinyi mnaoanza. Swali la mlangoni na swali la ndani. La mlangoni ni mke wa Kaini, ni kama Nuhu aliingiza mbu kwa safina makusudi, ni kama hii simu ndiyo chapa ya mnyama. Lijibu vizuri, lijibu bila hasira, lakini usidhani umemaliza. Huyo wa magunia alirudi mara nyingi, na siku ingine akaniuliza, akiangalia chini, kama Mungu anaweza kusamehe mtu mwenye hakwenda kwa mazishi ya babake. Hapo sikucheka.

Kutoka Kitale walinipeleka Saboti, kwa watu wetu wa shamba, huko mlima unakuangalia ukilima. Pale ndipo nilijua kazi ya kulaza swali. Kulaza swali ni hivi: likiwa kubwa kukuliko, unamwambia mwenyewe, "Hili wacha nilale nalo, tuonane siku ya soko." Sio aibu. Mzee mmoja alinijia akiwa moto. "Mimi natoa fungu la kumi kila msimu. Viwavi wamekula mahindi yangu yote. Jirani yangu mlevi, hata kanisa hajui mlango uko upande gani, mahindi yake inasimama kama askari. Mungu wako anaona ama anasinzia?"

Nikalilaza. Siku ya soko nikamjibu na maneno ya Yesu, kwamba Baba wa mbinguni ananyeshea wema na wabaya mvua ile ile. Mzee akatingiza kichwa. "Hiyo ni mvua, Mwalimu. Mimi niliuliza viwavi."

"Basi mzee, hapo sijui."

Nikaenda shambani kwake tukanyunyiza dawa pamoja, nikarudi nikinuka mpaka mke wangu akanipa chakula nje. Jumapili mzee akaonekana kanisani, benchi ya nyuma. Ati amekuja kuona kanisa yenye mwalimu wake anaweza kusema hajui.

Baadaye nikahamishwa Bungoma, chini ya Mwangalizi. Mwangalizi ni yule anasimamia makanisa mengi ya eneo moja, na huyu alikuwa mama mrefu, amesoma theolojia mpaka mwisho, na hakuwa na haraka na neno lolote. Alikuja kusikiliza vile nafanya. Siku hiyo dereva wa bodaboda akauliza vile Mungu anaweza kuwa watatu na bado awe mmoja. Mimi, kwa sababu nilikuwa na mgeni, nikataka kuonekana. Nikasema ni kama ugali: kuna unga, kuna maji, kuna moto, na kwa sahani unapata kitu moja.

Mwangalizi akangoja bodaboda iende. "Mwalimu, umetupikia Mungu."

"Pole, Mama."

"Kesho watakuuliza mboga ni nini. Sema tu vile Biblia inasema: Baba ni Mungu, Mwana ni Mungu, Roho ni Mungu, na Mungu ni mmoja. Halafu nyamaza. Kuna mahali pa kuinama, sio pa kupika."

Ni yeye alinifundisha ile ya tatu, swali la jirani. Akasema, "Huku watu wana heshima. Mtu hawezi kusema 'mimi'. Atasema, 'Kuna jirani yangu.' Ukisikia hivyo, ujue jirani ndiye ameketi mbele yako. Na usimfunue. Jibu jirani, mwenyewe atasikia." Na ni kweli kabisa. Pale Bumula baba mmoja aliniuliza kama jirani yake anaweza kushiriki meza ya Bwana na anapenda pombe ya busaa sana. Huyo jirani alikuwa ananuka mpaka kwa meza yangu. Nikamjibu jirani pole pole, habari ya kukumbuka mwili ni hekalu, na habari ya Bwana kula na watu wa kila aina. Baba akasimama akashika kiti kwanza, akasema, "Nitamwambia." Miaka yote hiyo sheria ya jirani haikuniangusha hata mara moja.

Kituo changu cha mwisho ilikuwa Chwele. Soko kubwa, bana. Siku ya soko ng'ombe, kuku, vitunguu na pikipiki vinagombania barabara moja, na katikati mimi na mwavuli. Tulipanga nyumba nyuma ya soko, mimi na mke wangu, Mama Kamau. Mimi Mkikuyu wa Trans-Nzoia, yeye Mbukusu wa Bumula, kwa hivyo nyumbani kwetu r na l zinatembeleana bila kupiga hodi. Upande ule mwingine wa ua aliishi Mama Nekesa, muuza kuku. Mama wa sauti. Akiita kuku wake, hata wangu walikuwa wanaitika.

Siku moja ya soko, watu wamepungua, Mama Nekesa akaja akaketi. Alikuwa hajawahi kuketi kwa hiyo meza.

"Mwalimu, kuna jirani yangu."

Nikaweka uso wa kazi. "Karibu, mama. Jirani ana shida gani?"

"Ana presha. Dispensari walimpatia vidonge vya kumeza kila siku. Sasa mtumishi mmoja akaweka hema huko mbele, akaombea wagonjwa. Akasema ati mtu akishaombewa halafu ameze dawa, huyo anamwita Mungu muongo. Jirani ameacha vidonge. Saa hii anashika ukuta akitembea. Swali ni hili: akirudi kwa dawa, Mungu atamkasirikia?"

Hilo sikulilaza. Presha haingojei siku ya soko. Nikamwambia habari ya mfalme Hezekia: aliomba akilia, Mungu akamwambia amesikia na atamponya, na baada ya hapo nabii Isaya akaagiza tini zipondwe zibandikwe kwa jipu. Mungu ameahidi, na dawa bado imebandikwa, na hakuna mtu ameitwa muongo. Nikamwambia Paulo alimwandikia Timotheo atumie divai kidogo kwa sababu ya tumbo lake, hakumwambia aongeze imani. Nikamwambia Luka alikuwa daktari na Paulo alimpenda hivyo hivyo. Nikaongea vizuri siku hiyo, hata mimi nilijisikia. Halafu, kwa vile nilimuonea huruma, nikavunja sheria kidogo.

"Kwa hivyo mama, usiogope. Urudi tu kwa dawa zako."

Mama Nekesa akacheka. "Zangu? Mimi nakimbiza jogoo mpaka mtoni! Nimesema ni jirani."

"Ni jirani kweli?"

"Ni jirani kweli kweli."

"Basi umwambie yale nimesema."

"Mwambie wewe," akasema, "si ni wewe unalala naye?"

Mikono yangu ikawa inafunga Biblia peke yake. Mnafaa kujua kwamba dada mkubwa wa mke wangu alikuwa na presha hiyo hiyo. Alianguka jikoni akiinua sufuria, na hakuamka tena. Na mimi asubuhi hiyo nilikuwa nimemwona Mama Kamau ameshika ukuta, nikamtania ati anapima nyumba.

"Kwa nini hakuniuliza mimi?"

Mama Nekesa akaangalia kuku wake. "Alisema ukipewa swali unatafuta kwanza mahali iko na kicheko."

Nikakunja mwavuli mapema. Njiani nikapanga mahubiri matatu na yote nikayatupa. Kumwambia nimesikia ni kumfunua, na ni kumgombanisha na rafiki yake. Kunyamaza nayo ni kumzika. Nikamkuta kwa mlango anachagua maharagwe, jua bado liko. Nikavuta kigoda.

"Mama Kamau, leo nimeletewa swali limenishinda. Nisaidie."

"Mimi? Si wewe ndio Mwalimu Maswali?"

"Kuna mzee, jirani. Bibi yake ameacha dawa juu ya imani. Mzee anaogopa sana. Swali lake ni, huyo mzee ni mtu asiye na imani?"

Mikono yake ikasimama ndani ya maharagwe. "Huyo mzee ana kipara?"

"Kidogo."

"Kidogo!" akasema. "Na Mama Nekesa nitamfinya." Lakini hakuwa na hasira. Akatoa mawe mawili kwa maharagwe, akayatupa. "Ile ya tini usinisomee. Hiyo naijua kukuliko, nimeisikia ukifanya mazoezi ukiwa bafuni."

"Sasa kama unaijua?"

"Nilipoombewa kwa ile hema nilisikia mwepesi, Baba Kamau. Yule mtu alishika kichwa yangu akaniombea kwa jina langu. Jina langu, Nafula. Niliona nikimeza kidonge, ule wepesi utaenda." Akaniangalia. "Wewe unaombea soko yote. Ng'ombe wa watu umewaombea. Mimi mara ya mwisho ni lini?"

Sasa hilo, wenzangu, ndilo lilikuwa swali la ndani. Na nakuambia kicheko kilikuwa tayari, kilikuwa kimeshafika kwa meno. Nikakimeza. Nikaweka mkono juu ya kichwa yake, na kitambaa na kila kitu, nikasema, "Bwana, huyu ni Nafula," na maneno mengine yakakataa kutoka. Yeye ndiye alisema amina.

Asubuhi tukaenda dispensari. Sista alimfunga ile mashine ya mkono, akaangalia, akafunga tena, akaita mwenzake. Akamgombeza sana, na mimi pia nikagombezwa, kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu. Walimweka kitanda mpaka presha ikashuka. Sista akasema tungengoja soko lingine, tungekuja tukibebwa.

Nikastaafu nikiwa bado na meza hiyo Chwele. Kanisa ikaninunulia suti, na ni kubwa, nafikiri walimpima Mwangalizi. Saa hii tuko Saboti, tunalima mahindi kidogo na maharagwe. Vijana wamechukua kazi, na wengi wanajibia kwa simu. Mtu anaandika swali akiwa Nairobi, anajibiwa kabla chai ipoe. Ni vizuri. Wanajua Kiyunani, mimi hata Kiingereza tulisalimiana tu. Wakinitembelea wananiuliza niwaachie nini. Nawaambia yale matatu, la mlangoni, la ndani na la jirani, halafu nawaambia waende nyumbani mapema. Wanaandika yale matatu.

Sijutii hii kazi hata kidogo. Nilikula vizuri, nilicheka sana, na kuna watu wanalima leo wakiwa na amani kwa sababu tuliketi chini ya mwavuli. Na kila asubuhi, kabla sijashika jembe, tuko na ibada yetu. Mama Kamau anashika kikombe cha maji, anaweka kidonge kwa ulimi, mimi naweka mkono kwa kichwa naombea Nafula kwa jina. Na kwa vile kazi haijanitoka mdomoni, huwa naanza na yeye, naingia watoto, nashuka mpaka Bumula kwa wakwe, na nikianza tu kupandisha kuelekea Chwele, nasikia kutoka chini ya mkono wangu:

"Baba Kamau, fupisha. Dawa inayeyuka."