Kinyozi wa Udongo

Kwa miaka ishirini kinyozi ndiye aliyekuwa mchekeshaji wa ukoo, mpaka mkewe alipofinyanga kinyozi wa udongo, mfupi kama chupa ya chai, mwenye kitambi kile kile. Mke humsogeza kidogo, humpiga picha kwa simu, humsogeza tena; picha mia mbili zikipitishwa haraka, kijitu kinatembea na kumnyoa mbuzi wa udongo. Mama mkwe alicheka hadi akashika mbavu, na mjukuu wa miaka mitatu akagaagaa sakafuni.

"Hata mimi namjua mbuzi mmoja..." kinyozi akaanza.

"Shii, babu! Tunaangalia."

Wivu ukamwingia. Kesho yake, mke alipoacha kupiga picha akaenda kufungua mlango, kinyozi akanyemelea meza akamgeuza mpinzani wake kichwa, kikatazama nyuma, ili picha ziharibike. Mke akarudi, macho yote kwa mbuzi, akaendelea kupiga picha.

Jumapili ukoo mzima ukaona: kinyozi wa udongo ananyoa, ghafla kichwa kinageukia kisogoni, mkono hausimami, mbuzi anabaki na upara. Mama mkwe akacheka hadi akaomba maji.

"Shemeji, kichekesho hiki umekitoa wapi?" kaka wa kinyozi akamuuliza mke.

"Hata sijui," mke akasema. "Nilishtuka nilipoziunganisha picha."

Kinyozi akaruka. "Kichwa nilikigeuza mimi! Nilitaka kukuharibia!"

Mama mkwe akapasuka kwa kicheko. "Jamani, mwanamume mzima anauonea wivu udongo!"

Wakaangua kicheko kikubwa kuliko cha mwanzo. Kinyozi akaangaza macho chumbani, roho kwatu: walicheka wote, isipokuwa yule wa udongo.