Nilifunga valvu mbili peke yangu gest ya Masumbwe, ndipo nikaijua kazi ya Masanja

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mwenyewe na sijapamba kitu. Aibu yote ni yangu.

Mimi ni fundi bomba hapa Masumbwe. Miaka tisa nimepiga kazi na Masanja. Mimi nafunga, yeye anashika. Mwaka huu akaniaga kwamba anaenda Nyarugusu kutafuta dhahabu. Nikapandwa na hasira, nikamwambia:

"Nenda tu. Hata hapa ulikuwa unashika spana, basi."

Alichukua begi lake akaondoka.

Baadaye ikaja kazi ya Mama Kabula, mwenye gest. Valvu mbili: moja ya uzi kwenye bomba la chuma litokalo tenki, nyingine ya kuchomelea kwenye bomba la shaba la maji ya moto. Aliniambia wazi, ikivuja anamwita fundi wa Geita. Nami nilitaka kuthibitisha kuwa Masanja hakuwa na umuhimu wowote. Ujinga mtupu.

Ya uzi nikaivisha tepu vizuri, nikakaza kwa spana moja. Zinatakiwa mbili, moja ikamate bomba lisizunguke. Lakini nilikuwa juu ya ngazi, mkono wa pili nimejishikilia. Bomba likazunguka, kiungo cha ndani ya ukuta kikalegea. Sikujua.

Kwa ile ya shaba nikaazima bana ya gesi, chombo cha kutoa moto, kwa jirani anayeyeyusha dhahabu. Huku kila kitu tunaazima kwa watu wa dhahabu, ila moto wao ni mkali mno kwa risasi ya kuunganishia shaba. Halafu valvu hufungwa kitambaa kibichi na mtu anakilowesha, raba ya ndani isiungue. Hiyo ilikuwa kazi ya Masanja. Mimi mikono ilishaisha, bana huku, risasi kule.

Nikafungulia maji. Ukuta ukaanza kulowa. Ya shaba haifungi kabisa, raba imeungua.

Mama Kabula akaangalia ukuta, kisha mimi.

"Baba, yule mwenzako yuko wapi?"

Wakuu, nilikaa tu kwenye ngazi. Tangu aondoke hakuna aliyeniuliza. Masanja alikuwa akila kwangu; hadi leo nasonga ugali wa watu wawili, nusu inalala. Nina upweke ambao sikuwahi kuutaja kwa mtu.

Nikaomba siku moja zaidi, akakubali. Kesho yake nilibomoa plasta, nikanunua valvu mpya na bana ndogo. Mama Kabula mwenyewe akafunga khanga kiunoni.

"Nishike wapi, baba?"

Alishika spana, akashika na kitambaa. Maji yakapita, kukavu kabisa. "Wabeja," akanishukuru kwa Kisukuma, akanipa na kazi ya choo. Sikufurahi kama nilivyotegemea.

Jioni ile nikampigia Masanja. Nikamwomba msamaha kwa lile neno. Nilisikia mashine za kusaga mawe nyuma yake.

"Nilishakusamehe siku ileile, kaka. Ila sirudi."

Nilichojifunza: anayekushikia kazi mshukuru angali yupo. Msamaha unaweza kuupata na mtu usimpate.

Uwanja ni wenu, hata kunisema nisemeni. Ila mliobaki peke yenu baada ya miaka mingi ya kuwa wawili, naomba mniambie, mnazoeaje?