Kampuni Isiyo na Mlango Mombasa

Barua yangu ya kazi ilitoka Ulaya ya kaskazini, huko ambako jua, nimeambiwa, huonekana mara mbili kwa mwaka. Ilikuwa na stempu nyingi hata karani wa posta alinipa mkono kwanza, ndipo akanipa barua. Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru, nami nilikuwa nimemaliza shule ya usiku pale Majengo, nina cheti cha Kiingereza na sauti ya kukisomea. Kiwanda cha rangi za vyombo vya baharini kilikuwa kimetangaza gazetini kwamba kinataka mtu wa Mombasa: aning'inize mbao sita zilizopakwa rangi ndani ya maji ya chumvi, azivute kila asubuhi, aandike zinavyoharibika. Mimi nilijibu kwa kurasa tisa. Nadhani walinichukua ili nisiandike tena.

Lakini kiwanda hakikuwa na ofisi Kenya, wala hakikuwa na nia ya kuifungua kwa ajili ya mbao sita na mtu mmoja. Na sheria ilitaka mwajiriwa awe na mwajiri aliye hapa hapa, mwenye leseni na daftari, mtu wa kuulizwa kukitokea jambo. Wakaniambia nitafute duka la kuaminika liniandike kuwa mtu wake. Wao wangelipelekea duka hilo mshahara wangu na kitu cha taabu yake. Kazi ningewafanyia wao.

Nikamwendea mzee mmoja wa Kibokoni aliyeuza kamba, misumari na turubai. Mwaminifu kweli kweli: ukinunua kamba pima kumi alikuongezea ya kumi na moja kwa kuogopa Akhera. Nikamfasiria barua yote. Alifikiri mpaka kahawa yake ikapoa.

"Yaani wewe ni mtu wangu, na si mtu wangu?"

"Ndiyo, mzee wangu. Kwa daftari ni wako. Kwa kazi ni wao."

"Ukiumwa?"

"Daftari lako."

"Ukiharibu mbao?"

"Mbao zao."

Akacheka. "Haya. Lakini wakija watu wa serikali nitawaambia kweli tupu, neno kwa neno. Uongo siujui, na kwa uzee huu siwezi kuanza kujifunza."

Basi kila asubuhi nilitoka Majengo kwa miguu, nikateremka ngazi za pwani ya Kibokoni, nikavuta mbao zangu, nikaandika. Sijapata kuona karani aliyekuwa na ofisi pana kama yangu.

Mambo yaliharibika nilipoposa. Binti alikuwa wa Kibokoni. Yeye mwenyewe alikwisha kumwambia mama yake kuwa yu radhi. Baba yake alikuwa amefariki, kwa hiyo neno lilikuwa la ami yake, ndugu wa baba, aliyekuja kutoka Vanga kwa shughuli hiyo. Na kwetu posa haijibiwi hivi hivi. Watu wa mke huulizia kwanza, kimya kimya: msikitini, kwa majirani, kazini. Ami aliulizia msikitini, akaridhika. Akaulizia Majengo, akaridhika. Kisha akataka kuona mahali ninapofanyia kazi, akaelekezwa kwenye duka la kamba.

Mzee alipomwona mgeni mwenye koti na mwavuli anauliza habari za mwajiriwa wake, alijua moja kwa moja kwamba serikali imefika.

"Nasikia unaye kijana mmoja, msomi," ami alianza. "Ni mtu wako kweli?"

Mzee akamwekea daftari, leseni, barua ya Ulaya na kadi yangu, vyote kwa mpango.

"Huja saa ngapi?"

"Haji."

"Leo haji?"

"Haji kamwe. Hapa hana kazi."

"Kazi yake nini basi?"

"Kutazama mbao."

"Mbao zako?"

"Si zangu. Sijaziona hata siku moja. Ziko ndani ya maji."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Ulaya. Simjui, hanijui. Twaandikiana."

Ami akavuta pumzi. "Mzee mwenzangu, mimi ni ami wa binti aliyeposwa."

"Alhamdulillahi!" mzee akasema, akifuta jasho. "Nami nilidhani serikali!"

Neno hilo ndilo lililonimaliza. Mwenye kazi ya halali anaiogopeani serikali? Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imeizunguka Kibokoni mara saba, na mama wa binti akaniletea ujumbe: ami anasema hapana, mpaka aonyeshwe huyo bwana wangu.

Ningemwonyesha vipi mtu ambaye hata mimi sikuwahi kumwona? Nikajibu: "Mwambieni ami aje kesho asubuhi ngazini. Bwana wangu siwezi kumwonyesha, lakini kazi yangu ataiona."

Alikuja amenuna. Nikavuta ubao mmoja mmoja, nikaulaza ngazini. Wa tatu ulikuwa umefunikwa na vijigamba vigumu kama kokoto. Ami aliinama, akaukwaruza kwa ukucha.

"Huu umekwisha. Wa tano bado una uhai. Umeandika?"

"Nimeandika, ami."

"Mimi si ami yako bado. Soma."

Nikasoma nikifasiri. Akanikatiza. "Mbona hukuandika kwamba umeanza kuliwa ukingoni? Tazama hapa, wewe msomi! Macho yako yako kwenye kalamu?"

Kumbe huyu bwana alikuwa fundi wa kukalafati, mzibaji wa nyufa za vyombo tangu dunia ilipoumbwa. Nikaandika alivyosema. Kesho yake alikuja na ubao wake mwenyewe, ameupaka deheni, yale mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa ambayo mafundi wetu hupaka vyombo chini.

"Ufunge na huu," akasema. "Tuone nani fundi."

"Na jibu la posa?"

"Jibu gani? Nione kwanza kama kesho utakuja."

Nilikuja kesho, na kesho kutwa, na siku ile iliyonyesha mvua hata samaki wakatafuta pa kujikinga. Kila nikifika namkuta amekwisha kufika, anatazama saa. Kampuni isiyo na mlango ilikuwa imepata msimamizi bila kujua.

Miezi ilipopita, habari za ubao wa saba niliziandika kwa haki: ulizishinda nne katika zile sita. Ulaya wakauliza fundi huyo ni nani, na kama duka la kamba lingekubali kumwandika yeye pia.

Mzee akafungua ukurasa mpya. Ami akauliza kila kitu.

"Nikiumwa?"

"Daftari langu," mzee akajibu, sasa mzoefu kuliko wakili.

"Nikiharibu mbao?"

"Mbao zao."

"Na likizo ninayo?"

"Unayo. Imeandikwa hapa."

Ami akatia sahihi polepole, kisha akaninyooshea kalamu bila kunitazama.

"Basi andika, wewe msomi. Ijumaa ijayo mimi siji kazini, nina harusi ya binti yangu. Nawe omba likizo, au siku hiyo utakwenda kutazama mbao?"