Makofi Mawili ya Mungu Mbweha

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu aliyenipeleka kwenye ile sinema. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, naishi Katwe na mama; tulitoka Kongo nikiwa mdogo. Shuleni ni Kiingereza, nyumbani Kiswahili, na kwa lugha zote mbili mimi ni mtu wa kunyamaza. Nashukuru ukurasa wenu wa ushauri gazetini unaficha majina.

Baba wa rafiki yangu anafanya kazi kiwanda cha mashati. Fundi mmoja Mjapani huko huwaonyesha watoto wa wafanyakazi sinema za katuni za kwao, ukutani. Moja ilikuwa na mungu mbweha aliyelala mlimani. Msichana maskini anapiga makofi mawili, mbweha anafumbua macho, anamsikiliza. Niliipenda mpaka nikawa napiga vilevile kila nikitaka kusali peke yangu. Msinicheke. Tangu serikali ifunge kanisa letu, niliona kama Mungu wetu naye amelala.

Siku hizi waumini wachache tunasali kwa siri chumbani kwetu, kwa kunong'ona, bila wimbo. Jumapili iliyopita, tukiwa tumefumba macho sote, mikono yangu ikaenda yenyewe. Pa! Pa!

Askari walikuwa wanapita nje. Mlango ukasukumwa.

"Nani napiga makofi? Hapa iko kanisa?"

Mchungaji wetu akainuka. "Ni mimi, afande. Nilikuwa naua mbu."

"Mbu mchana? Twende, utaua zingine kambini."

Hajarudi mpaka leo.

Na kinachonimaliza zaidi ni Mama Furaha. Siku ile aliketi karibu nami, na zamani kanisani hakuna aliyemshinda kwa makofi. Basi wote wameamua ni yeye. Juzi sokoni Nakivubo mama alimwambia mbele za watu, "Mikono yako hiyo, dada, imemuuza baba wa watu."

"Mungu anajua kama ni mimi," akajibu.

Mimi nilikuwa nimeshika kikapu. Nikaangalia chini.

Nikisema, mama atajua nilimpigia mbweha makofi katikati ya maombi. Au nilikuwa namwamsha Yesu? Kweli sijui. Nishaurini ndugu zangu: nikifika kwa Mama Furaha, nianze na neno gani?

Namsikia mama anavua kandambili mlangoni. Karatasi hii nimekuwa nikiificha chini ya godoro. Sasa naiacha mezani, maana mdomo umenishinda. Akiisoma bila kuichana, nitaituma kwenu, mtaipata.