Simu Ilisema Nimetoroka Lindo

Kampuni yetu ya ulinzi ilipotuletea programu ile ya simu, mimi nilikuwa wa kwanza kuifurahia. Kabla yake, supavaiza wetu alikuwa na tabia ya kusema hukuja kazini kama hukumchangamkia kwa kitu kidogo. Sasa simu ingenitetea. Kila saa inalia, unatazama kamera, inakutambua, inajua uko getini. Wenzangu walinung'unika kwamba tunachungwa kama mbuzi. Niliwaambia waache woga.

Wakati huo nilikuwa nalinda jengo moja la fleti mtaani Tassia, zamu ya mchana. Orofa ya juu kabisa aliishi mzee mmoja aliyestaafu kutoka reli, na mkewe. Kila asubuhi alishuka kununua gazeti, na akirudi alinisomea habari za mpira.

Siku moja nilimsikia mkewe akipiga mayowe. Nikapanda mbio. Mzee alikuwa ameanguka mlangoni, mdomo umeenda upande, mkono mmoja umelegea.

"Mwanangu, nisaidie, anakufa!"

Jengo halina lifti na majirani walikuwa makazini. Nilimbeba mgongoni hadi chini, nikafunga geti kwa kufuli, tukaingia teksi. Nilimshikilia njia nzima ili asianguke kitini. Simu ilianza kulia mfukoni. Iliacha, ikalia tena. Mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi.

Tulipofika hospitali na wauguzi wakamchukua, supavaiza alipiga.

"Uko wapi wewe?"

"Hospitali, bosi. Mzee wa juu amepatwa na kiharusi, nimemleta."

"Mfumo unaonyesha umetoroka lindo."

"Sijatoroka. Nimekwambia nilipo."

"Hiyo utaeleza ofisini."

Kesho yake mama yule aliacha mgonjwa wadini, akafuatana nami hadi ofisini. Supavaiza alinionyesha ramani kwenye kompyuta: duara la kijani kuzunguka geti, na alama nyekundu mbali nalo. Alama hiyo ndiyo mimi.

"Daktari amesema tungechelewa kidogo tu, ningekuwa mjane," mama alimwambia. "Huyu ndiye aliyembeba mume wangu."

"Pole sana, mama," alijibu, macho hayajatoka kwenye kioo. "Lakini programu haina mahali pa kuandika hayo."

Damu ilinipanda kichwani. Ofisi nzima ilikuwa na watu wenye masikio, na mwanamke mzima amesimama hapo akieleza kwa kinywa chake, lakini kilichoaminiwa ni nukta nyekundu.

"Ikitokea tena utafanya nini?" akaniuliza.

"Nitambeba tena."

"Basi hujajifunza."

Nilitaka kumrushia ile simu usoni. Nilikumbuka watoto wangu, nikaiweka mfukoni.

Walinihamishia ghala la saruji karibu na mtaa wa Mukuru kwa Njenga. Hapo hakuna wapangaji, ni magunia tu na ukuta. Simu inalia, nanyanyua uso, inanishukuru kwa sauti ya upole. Ile sauti naichukia kuliko matusi ya supavaiza.

Juzi mama alinipigia. Mzee ameanza kutembea kwa mkongojo, maneno yanatoka polepole, lakini anauliza mbona sionekani getini.

"Nimwambie nini, mwanangu?"

Hasira niliyokuwa nayo haikuwa ya kumpelekea mgonjwa. Nikamwambia amsalimie tu.