Mkono wa Kulia wa Yakobo

Mume wangu mtaani walimwita Tindikali, na msidhani ni kwa sababu ya kazi peke yake. Ulimi wake nao ulikuwa unakula chuma. Alichora kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta, akalizamisha kwenye tindikali ikala pale sindano ilipopita, kisha akajaza wino na kuchapa kwenye karatasi. Alipenda mambo ya Biblia. Akikuchorea Nuhu, safina imejaa majirani. Mchungaji mmoja alijiona humo kati ya nyani na punda, akatununia mwaka mzima.

Kwa watu baki alikuwa mtu wa utani. Kwa binti yetu, kitindamimba, loo! Na huyo ndiye aliyebaki naye karakanani, akilowesha karatasi, akifuta wino, akizungusha gurudumu la mashine mpaka mabega yakamjaa. Kabla mchoro haujahamia kwenye shaba, yeye ndiye aliyeushikia kioo ili baba yake auchore kinyume, maana bamba likichapwa kila kitu hugeuka, kulia kunakuwa kushoto. Asante? Thubutu! Sifa zote zilikwenda kwa kaka yake, aliyeko mbali, anayepiga simu akikumbuka. "Kaka yako angeshamaliza hii," ndio wimbo alioimbiwa kutwa.

"Baba gani wewe?" nilimfokea siku moja. "Neno moja zuri litakupunguzia nini?"

Baadaye, tunakunja nguo, akasema, "Nikisema kwa mdomo nitaharibu, unanijua. Nitasema kwa shaba."

Akanieleza. Yakobo ni mzee, macho yameingia kiza, analetewa wajukuu wawili awabariki. Mkubwa wamemweka upande wa mkono wa kulia, mkono wa baraka kubwa. Mzee anapishanisha mikono makusudi, wa kulia unatua kwa mdogo. Baba yao anataka kumsahihisha, mzee anakataa, anajua afanyalo.

"Mikono ikipishana hivyo inafanya msalaba," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Neema haipangi foleni, mke wangu. Yule mkubwa nitampa masikio ya kijana wetu. Mdogo nitampa kovu la binti yangu, lile la juu ya jicho. Akiliona atajua." Nililia, wala sioni aibu kusema.

Akaichora kwa siri, mlango kaufunga. Binti akawa anagonga: "Baba, nilete kioo?"

"Hebu nenda zako!"

Ndipo tulipoharibikiwa. Kwa furaha na haraka yake, mwanamume yule alichora moja kwa moja kwenye shaba, kama alivyoiona moyoni, bila kuigeuza. Na ambaye angemkumbusha alikuwa amefungiwa nje.

Bamba lilitoka kwenye tindikali asubuhi. Mchana kiharusi kikamwangusha. Upande wa kulia ukafa wote, na maneno yakaenda. Likabaki moja tu, "hapana". Umpe maji, hapana, huku anakishika kikombe kwa pupa. Umuulize kama anaumwa, hapana. Daktari alisema hutokea hivyo, na hakujua kama mengine yatarudi.

Alipotulia kidogo, binti akaingia karakanani. "Kazi yake isilale," akasema. Akajaza wino, akazungusha gurudumu. Mimi nimesimama pembeni natabasamu kama mjinga, nangoja aone. Akainua karatasi. Akaliona kovu lake. Akayaona masikio ya kaka yake. Uso ukamfunguka, Mungu ni shahidi, nikauona unafunguka. Kisha akaifuata mikono. Wa kulia ulikuwa juu ya kaka yake. Juu yake ulikuwa wa kushoto.

"Hata hapa," akasema.

"Alisahau kugeuza! Angalia bamba lenyewe, mwanangu. Kwenye shaba wa kulia ni wako!"

"Mama, miaka yote hii amesahau lini? Na bamba si picha, ndivyo anavyosema mwenyewe. Picha ni kile kilicho kwenye karatasi."

Nikaapa, nikamweleza yote, foleni na msalaba. Akaniangalia kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. "Wewe unatupenda sote, Mama. Lazima useme hivyo."

Basi nikamkokota hadi kitandani kwa baba yake. Nilikuwa na akili gani? Akapiga magoti, akamwonyesha karatasi. "Baba, mkono wa kulia ulikuwa wangu?"

Mzee akaitazama picha. Nikaona macho yakifika kwenye mikono, nikaona anatambua alichokifanya. Mdomo ukampinda, mishipa ya shingo ikamtoka. Kwa mkono wake mzima akamng'ang'ania binti begani.

"Hapana," akasema. Akalisikia neno lililomtoka. "Hapana! Hapana, hapana!" Machozi yanamchuruzika mpaka masikioni.

"Anasema ndiyo!" nikapiga kelele. "Unajua hana neno jingine!"

"Najua, Mama." Akamfuta machozi, akamfuta mdomo, akamwekea mto vizuri. "Najua. Lakini ndilo alilonipa."

Nikasimama pale nikirudia ndiyo, ndiyo, mwanangu, ndiyo. Ndiyo ya kwangu hakuwa na haja nayo.